Simu ya Mteja Haithibitishi Malipo

Kwenye duka la vitenge Kariakoo, mteja amechagua doti tatu, amebonyezabonyeza simu, kisha ameinyoosha juu ya meza ya kioo. "Dada, nimeshatuma. Ona meseji hii hapa." Muuzaji haitazami. Macho yake yako kwenye simu yake mwenyewe, kiswaswadu kilichofungwa mpira mgongoni, na zile doti tatu bado ziko upande wake wa meza. "Subiri iingie kwangu, kaka." Ikiingia, mzigo unatoka. Isipoingia, meseji ya mteja haina thamani hata ikiwa imeandikwa vizuri kuliko ya kampuni yenyewe ya simu. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walijifunza somo hilo kwa hasara, kadiri pesa za simu zilivyoenea baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007.

Muuzaji huyo hana haja ya kujua blokucheni, yaani mnyororo wa bloku, ni mnyama gani. Ila kanuni anayoifuata bila kuipa jina ndiyo iliyokosekana mwaka 2022, pale madaraja yanayounganisha mitandao ya sarafu za kidijitali yalipovunjwa moja baada ya jingine. Hadi Agosti mwaka huo kampuni ya uchambuzi ya Chainalysis ilikuwa imehesabu matukio 13 na hasara ya takribani dola bilioni 2, sawa na asilimia 69 ya kripto yote iliyoibwa tangu Januari. Mtu angedhani kipigo cha namna hiyo kingebadili fikra. Wapi! Bado inasemwa kwa kujiamini kwamba kuthibitisha muamala wa mnyororo mmoja ndani ya mnyororo mwingine ni kazi ya wakubwa wachache wenye majina, na kwamba mtu au kampuni ndogo inayosimamisha rilei yake yenyewe inajitafutia kibarua kisicho na mshahara.

Fikra hiyo ni mbovu, na ubovu wake unaonekana hata kwa asiye fundi.

Minyororo haionani. Bitcoin haijui kama kuna kitu kinaitwa Ethereum, na Ethereum haina jicho la kuchungulia kilichotokea kwenye Solana. Mtu anapotaka kuvusha thamani, daraja hufungia sarafu zake upande huu na kuchapa tokeni zinazolingana nazo upande wa pili. Swali zima limekaa katikati: nani anauambia upande wa pili kwamba upande huu sarafu zimefungiwa kweli? Jibu la kwanza ni kuteua watu, tuseme watano au tisa, kila mmoja na ufunguo wake wa siri; wakitia sahihi wa kutosha, mkataba mahiri, yaani programu iliyo ndani ya mnyororo, unaamini. Jibu la pili ni rilei. Kwenye riadha rilei ni kupokezana kijiti. Hapa kinachopokezwa ni vichwa vya bloku, yaani muhtasari mdogo wa kila bloku ya mnyororo wa kwanza, vinavyopelekwa kwenye mnyororo wa pili ili uukague wenyewe kwa hesabu. Katika mbio hizi mpokeaji hana haja ya kumjua mkimbiaji wala kumpenda. Akiletewa kijiti cha bandia, anakitambua mkononi.

Kwa maneno ya Kariakoo, jibu la kwanza ni kuwaita majirani watano waitazame simu ya mteja na kutikisa kichwa. La pili ni kutazama simu yako.

Wanaotetea majirani husema kwamba majirani wenyewe ni watu wazito: makampuni yanayojulikana, yenye sifa za kulinda, yaliyotawanyika duniani, na haiwezekani wote wakaanguka siku moja. Basi watazamwe kwa karibu. Daraja la Ronin lilijengwa na Sky Mavis, kampuni ya Vietnam iliyotengeneza mchezo wa Axie Infinity. Lilikuwa na wathibitishaji tisa, na sahihi tano zilitosha kutoa fedha. Kwa kuhesabu walikuwa tisa, lakini wanne kati yao waliendeshwa na Sky Mavis yenyewe. Novemba 2021, watumiaji walipofurika, jumuiya ya Axie DAO iliiruhusu Sky Mavis itie sahihi kwa niaba yake ili kupunguza foleni. Mpango ukasitishwa Desemba, lakini ile ruhusa ikaachwa pale pale bila kufutwa. Aliyeingia kwenye mifumo ya Sky Mavis alipata funguo nne, na sahihi ya tano akaikuta imemsubiri. Tarehe 23 Machi 2022 zikatoka sarafu za Ethereum (ETH) 173,600 na tokeni za dola (USDC) milioni 25.5 kwa miamala miwili, jumla ya zaidi ya dola milioni 600. FBI baadaye ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Kinachouma zaidi ni tarehe nyingine: 29 Machi. Ndiyo siku wizi ulipogunduliwa, na haukugunduliwa na mtambo wala na mmoja wa wale tisa. Mtumiaji mmoja alijaribu kutoa ETH 5,000, akashindwa, akalalamika. Kwa siku sita daraja lilisimama tupu huku watu wakiendelea kupita juu yake.

Hapa msomaji mkali atauliza: rilei ingezuia? Jibu la kweli ni kwamba isingezuia, kwa sababu mnyororo wa Ronin wenyewe ulikuwa ukiendeshwa na wathibitishaji hao hao tisa. Mwenye sahihi tano angeweza kughushi hata vichwa vya bloku. Lakini mashine moja tu, nyumbani kwa mtu yeyote, yenye kusoma pande zote mbili na kuuliza kila utoaji wa Ethereum unalingana na ombi lipi la Ronin, ingepiga kengele siku ile ile. Mamia ya mamilioni yalikuwa yametoka bila mtu yeyote kuomba upande wa pili. Hesabu za namna hiyo hufungwa kila jioni na kibanda chochote cha wakala wa pesa za simu: salio la simu na noti za kwenye droo zikitofautiana, hakuna kulala.

Mfano wa Harmony hauna hata utetezi huo, kwamba rilei isingezuia. Mnyororo wa Harmony ulikuwa na wathibitishaji wengi walioweka dhamana ya fedha zao. Ulikuwa na ulinzi wake. Daraja lake, Horizon, likaupuuza ulinzi huo wote na kuweka imani kwenye funguo tano, na kati ya hizo mbili zilitosha. Mbili! Juni 2022 mwizi hakuhitaji kupambana na mnyororo. Alizipata funguo mbili, akaondoka na mali ya takribani dola milioni 100. Kama daraja lile lingedai vichwa vya bloku vilivyotiwa sahihi na wathibitishaji wa Harmony wenyewe, mwizi angelazimika kuteka sehemu kubwa ya dhamana ya mtandao mzima kabla ya kugusa hata dola moja. Baada ya wizi, sahihi zinazohitajika zikapandishwa hadi nne kati ya tano, sawa na kuongeza kufuli kwenye mlango wa maturubai.

Kisha kuna daraja la Multichain. Hilo lilijivunia ufundi wa kugawa ufunguo mmoja vipande vipande kwenye seva nyingi, ili asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kutia sahihi peke yake. Julai 2023 zaidi ya dola milioni 120 zikahamishwa, na siku chache baadaye timu ikatangaza kwamba mkurugenzi wake mkuu alikuwa amechukuliwa na polisi wa China tangu tarehe 21 Mei, na kwamba seva zote zile zilikuwa zikiendeshwa kupitia akaunti yake binafsi. Vipande vilikuwa vingi, mwenye navyo mmoja.

Hoja ya pili ya walio wengi ndiyo yenye nguvu mtaani: kwamba kuthibitisha mwenyewe kunataka mashine za gharama, umeme usiokatika na digrii ya hisabati. Hii ichukuliwe kwa tarakimu. Kichwa cha bloku ya Bitcoin kina baiti 80. Satoshi Nakamoto mwenyewe, katika karatasi yake ya 2008, alipiga hesabu kwamba kwa bloku moja kila dakika 10 vichwa vya mwaka mzima vinafikia MB 4.2. Bloku namba 840,000 ilipatikana tarehe 20 Aprili 2024. Vichwa vyote tangu bloku ya kwanza ya Januari 2009 hadi hapo ni takribani MB 67. Video chache za harusi zinazozunguka kwenye kundi la ukoo hula bando zaidi ya hilo.

Na ndani ya baiti hizo 80 mna kila kinachohitajika. Mna heshi, yaani alama ya kihesabu, ya kichwa kilichotangulia, ndiyo inayofanya mnyororo uwe mnyororo. Mna ushahidi kwamba kazi ya umeme na mashine imefanyika kweli. Na mna mzizi wa mti wa Merkle, yaani heshi moja inayobeba miamala yote ya bloku. Anayetaka kuthibitisha kwamba malipo yake yamo kwenye bloku yenye miamala 4,000 haletewi miamala 4,000. Analetewa heshi 12, jumla baiti 384, anazipandisha ngazi kwa ngazi, na mwisho ama anaufikia mzizi ulioandikwa kwenye kichwa ama haufikii. Hakuna "karibu". Simu ya kawaida humaliza kazi hiyo kabla mwenyewe hajapepesa jicho.

Upande wa Ethereum mambo ni tofauti kidogo kwa kuwa tangu Septemba 2022 haitumii tena uchimbaji, ile kazi ya umeme na mashine. Huko kuna kamati ya wathibitishaji 512 wanaochaguliwa kwa bahati nasibu na kubadilishwa kila baada ya saa 27 hivi. Wao hutia sahihi kichwa cha bloku kila sekunde 12. Programu nyepesi kama Helios, iliyotolewa bure Novemba 2022, hufuatilia sahihi za kamati hiyo. Inawashwa kwenye kompyuta ya mkononi, inajilinganisha na mtandao kwa sekunde chache, kisha kila jibu linalotoka kwenye seva ya mtu mwingine inalikagua kabla ya kulikabidhi kwa pochi ya mwenyewe. Ina mahali pake pa kuaminiana, na isifichwe: siku ya kwanza mtu lazima aipe programu alama ya kuanzia, heshi ya bloku ya karibuni aliyoipata mahali anapopaamini. Zaidi ya hapo, kamati ya 512 haipigwi faini kwa kutia sahihi uongo kama wanavyopigwa wathibitishaji wengine. Ni udhaifu wa kweli. Lakini kumlinganisha mtu anayekagua sahihi za kamati inayobadilika kila siku na mtu anayetegemea funguo mbili zisizobadilika ni kulinganisha mashua iliyopasuka ubao na mtu anayeogelea.

Anayebisha ajaribu mwenyewe jioni moja. Mitandao ya familia ya Cosmos ilianza kutumia itifaki ya IBC mwaka 2021, na hapo kila mnyororo huweka ndani yake programu nyepesi ya kumkagua mwenzake. Kati yao hupita mbebaji, kwa mfano programu ya Hermes. Fundi anaweza kuwasha minyororo miwili ya majaribio kwenye kompyuta yake moja, bila hata intaneti, akaijaza Hermes faili la mipangilio, akaipa pochi mbili zenye chenji ya kulipia ada, akafungua njia kati ya pande mbili. Anatuma tokeni 100 kutoka mnyororo wa kwanza. Kwenye skrini mistari inashuka: kichwa kipya kimepelekwa, ushahidi umeambatishwa, pakiti imepokelewa, risiti imerudi. Salio la upande wa pili linasoma 100. Sasa aandike kiprogramu chake cha kubeba pakiti, na njiani ageuze 100 iwe 1,000. Mnyororo wa pili unaikataa, kwa kosa la uthibitisho lisilo na simile. Ajaribu mara kumi, itakataliwa mara kumi. Mbebaji anaweza kuchelewesha mzigo, anaweza kugoma kuubeba, lakini hawezi kuubadili. Ndiyo maana kwenye IBC yeyote anaruhusiwa kuwa mbebaji bila kuomba kibali wala kuonyesha cheti.

Fundi akishalitazama jambo hilo kwa macho yake, ile hotuba ya "tuachie wataalamu" humwingia sikio moja na kutokea la pili.

Wapinzani wana karata nyingine na ni nzuri. BTC Relay ilizinduliwa Mei 2016: mkataba mahiri ndani ya Ethereum uliopokea vichwa vya Bitcoin, kimoja kimoja. Wazo lilikuwa kwamba anayeleta kichwa atalipwa ada ndogo na kila atakayekitumia. Watumiaji hawakuwa wa kutosha, kuandika kwenye Ethereum kukawa ghali, wabebaji wakachoka, vichwa vikaacha kuja. Basi watu husema: mmeona? Rilei hufa njaa.

Ilikufa kweli, ila sababu ya kifo inasomwa vibaya. BTC Relay ililipia kuandika kila kichwa, kitumike kisitumike, kama basi linalofanya safari 144 kwa siku bila abiria. Baadaye daraja la tBTC lilifanya jambo la akili: rilei yake huandika tu mabadiliko ya kiwango cha ugumu wa uchimbaji, yanayotokea kila bloku 2,016, yaani kila wiki mbili hivi. Mwenye haja ya kuthibitisha muamala ndiye anayekuja na vichwa vyake vichache, na mkataba unavipima kwa kiwango cha ugumu kilichopo. Safari inafanyika abiria akiwapo. Tena kuna tofauti ambayo mjadala huu huivuruga kila mara, kati ya kuandika vichwa kwenye mnyororo mwingine na kuvikagua nyumbani. Kuandika kunagharimu ada. Kuvikagua kwenye mashine yako hakugharimu chochote zaidi ya umeme na bando. Anayesema rilei ni ghali ajibu kwanza anazungumzia ipi.

Karata yao kubwa, hata hivyo, ni BNB. Tarehe 6 Oktoba 2022 daraja la mnyororo wa BNB liliibiwa BNB milioni 2, zenye thamani ya zaidi ya nusu bilioni ya dola kwa wakati huo, na daraja hilo halikutegemea sahihi za majirani peke yake. Lilikagua ushahidi wa kihesabu, kama makala haya yanavyohimiza. Mdukuzi aliweka dhamana ya BNB 100 akajiandikisha kuwa mbebaji, kisha akaleta ushahidi wa kughushi ambao programu ya ukaguzi, kwa hitilafu iliyokuwamo, iliukubali. Mnyororo ukasimamishwa na wathibitishaji wake, waliokuwa 26 tu kazini, na sehemu kubwa ya mali ikanaswa humo humo.

Tukio hilo lisifunikwe kawa. Hesabu iliyoandikwa vibaya hudanganyika sawa na binadamu, na yeyote anayeuza rilei kama hirizi apuuzwe. Lakini dawa yake ni ipi? Ufunguo ulioibwa hauachi kasoro ya kusahihisha. Kesho utaibwa mwingine kwa ulaghai mwingine. Hitilafu ya programu hupatikana, huzibwa, na ikishazibwa imezibwa kwa wote. Mwezi huo huo wa Oktoba waandishi wa IBC walikagua programu zao upya, wakakuta kasoro kubwa wakaipa jina Dragonberry, wakaiziba kabla mwizi hajaitumia. Tena ukaguzi ule wa BNB ulifanywa na programu moja iliyonakiliwa kwenye mashine zote. Mashine ya pili, mahali pengine, yenye programu iliyoandikwa na watu wengine, ingekuwa na nafasi ya kuukataa ushahidi ule na kupiga kelele. Hiyo ni hoja ya kuwa na rilei nyingi mikononi mwa wengi, si hoja ya kurudi kwa majirani watano.

Vitalik Buterin, mwasisi wa Ethereum, aliandika Januari 2022 kwamba mustakabali ni wa minyororo mingi lakini si wa kuvushana mali ovyo. Sababu yake: mnyororo mmoja ukishambuliwa na historia yake ikageuzwa, tokeni zilizochapwa kwingine kwa kuutegemea zinabaki hewa, hata ukaguzi ungekuwa safi namna gani. Ni kweli tupu. Rilei haiwezi kumlinda mtu dhidi ya mnyororo uliojikana wenyewe. Inaweza tu kumlazimisha asubiri bloku za kutosha kabla ya kuamini. Ajabu ni kuisikia hoja hiyo ikitolewa na watetezi wa watia sahihi, kana kwamba sahihi tano za watu huzuia historia isigeuzwe. Hatari hiyo inawakumba wote. Watia sahihi wanaongeza ya kwao juu yake.

Kinachosahaulika katika mabishano haya yote ni kazi ya ulinzi. Daraja la Rainbow lilijengwa kuunganisha Ethereum na mnyororo wa NEAR, na kwa kuwa kukagua sahihi za NEAR ndani ya Ethereum ni ghali, waliojenga walichagua njia ya subira: kichwa kinapokelewa kwa muda, aliyekileta ameweka dhamana, na yeyote duniani anaweza kukipinga kabla muda haujaisha. Mei 2022 mtu alileta bloku ya uongo. Programu ya ulinzi iliyokuwa ikilinganisha kila kichwa na mnyororo halisi ikaipinga, na mleta uongo akapoteza ETH 2.5. Agosti 20, siku ya Jumamosi, akaja mwingine, au huyo huyo, alfajiri ya wikendi watu wamelala. Sekunde 31 zilitosha. Dhamana ya ETH 5 ikaenda, mali ya watumiaji haikuguswa, na waliojenga daraja waliikuta habari imekwisha walipoamka.

Zilinganishwe sekunde hizo 31 na siku sita za Ronin. Kilichotofautisha si ukubwa wa kampuni wala wingi wa wataalamu. Upande mmoja kulikuwa na mashine inayotazama simu yake yenyewe.

Hata asiyevusha chochote ana sababu ya kuwa na mashine hiyo. Tarehe 11 Novemba 2020 Infura, kampuni ambayo pochi na masoko mengi huisoma Ethereum kupitia kwayo, ilijikuta ikiendesha toleo la zamani la programu, ikabaki kwenye tawi la mnyororo lisilo sahihi. Binance na masoko mengine yakasitisha kwa saa kadhaa utoaji wa ETH. Mnyororo wenyewe haukuwa umesimama. Aliyekuwa na mashine yake iliyosasishwa aliendelea na shughuli zake. Wengi walikuwa wamekodi macho, na siku hiyo macho yakafumba.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanapokea mishahara na malipo ya kazi za mtandaoni kwa tokeni zinazofuata thamani ya dola, na tokeni hizo huenda zimeshavuka daraja kabla ya kuwafikia. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na kanuni zake ndizo zitakazoamua anayeomba leseni ataulizwa nini. Akiulizwa mtaji, anwani ya ofisi na majina ya wakurugenzi peke yake, Multichain lingefaulu mtihani huo kwa alama nzuri. Mkaguzi aongeze maswali mawili: upande wa pili unathibitishaje kwamba mali imefungiwa kweli, na mteja anaweza kuukagua uthibitisho huo kwa mashine yake bila kumwomba mtu ruhusa? Mwombaji akianza kutaja majina ya washirika wake badala ya kujibu, faili lirudishwe.

Na msomaji aliye na fedha zake upande wowote asingoje kanuni. Idadi ya sahihi zinazotosha kufungua daraja la watia sahihi huandikwa ndani ya mkataba wake, na mkataba unasomwa na yeyote, bure. Ya Horizon, mbili kati ya tano, ilikuwa ikisomeka hadharani kwenye Ethereum kabla ya Juni 2022.